Kupaka rangi vijisanamu vya mezani katika hewa ya Mombasa

Kijisanamu cha kawaida cha michezo ya mezani kina kimo cha milimita 28 hadi 32. Uso wake ni mdogo kuliko mbaazi moja, na juu ya uso huo utaweka ngozi, midomo na macho. Inawezekana, hata kwa mkono ambao haujawahi kushika brashi, mradi mambo mawili yashikwe kwa dhati: rangi iwe nyembamba, na kila tabaka likauke kabla ya linalofuata. La pili ndilo gumu hapa kwetu. Hewa ya Mombasa ina maji na chumvi mwaka mzima, na unyevu huo hugusa kila hatua: namna gundi inavyoshika, namna praima (tabaka la kwanza linaloshikia rangi nyingine) inavyotua, muda wa kukauka, mchanga wa kitako, hadi vanishi ya mwisho. Maelekezo yaliyochapishwa kwenye makopo mengi yameandikiwa vyumba vya nchi za baridi. Haya yameandikiwa chumba chenye feni darini na dirisha linaloelekea bahari.

Anza na kimoja

Usinunue kikosi kizima. Tafuta kijisanamu kimoja cha plastiki ngumu, mtu mwenye nguo pana na uso ulio wazi. Katika mwongozo huu tutamfuata mmoja: mlinzi mwenye joho jekundu, ngao na mkuki, aliyesimama kwenye kitako cha duara cha milimita 25. Joho litakufundisha vivuli, uso utakufundisha subira, na mkuki utakufundisha chuma.

Vijisanamu huja kwa namna tatu. Plastiki ngumu, yaani polistirini, ndiyo rahisi kukata na kuunganisha. Resini hushika sura ndogondogo vizuri zaidi lakini huvunjika, na mikuki yake hupinda ikiachwa ndani ya gari juani. Ikipinda, itumbukize kwenye maji ya moto kwa sekunde 20 hivi, inyooshe kwa vidole, kisha iingize kwenye maji baridi ikiwa bado imenyooka. Cha chuma ni kizito na kigumu, na rangi hubanduka upesi kwenye ncha zake.

Ukipewa kilichochapwa kwa printa ya resini, kiguse kwanza ukiwa na glavu. Kikinata, hakijakomaa: kioshwe kwa alkoholi ya isopropili, kikauke kabisa, kisha kianikwe juani dakika chache kila upande. Kisisahaulike huko, kwani resini iliyopigwa jua kupita kiasi huwa ya manjano na kukatika kama biskuti.

Vya kuwa navyo

Brashi mbili za duara zenye ncha kali, namba 1 na namba 2, zatosha. Wengi hukimbilia brashi nyembamba kabisa kwa ajili ya macho, na hilo ni kosa. Brashi ndogo mno hubeba rangi kidogo sana, na chini ya feni rangi hiyo hukauka kabla haijafika usoni. Kinachochora jicho ni ncha ya brashi, na brashi namba 1 nzuri ina ncha nyembamba kama unywele. Ongeza brashi moja laini ya vipodozi, ya bei nafuu, kwa kazi ya brashi kavu, itakayoelezwa kwenye kitako, na moja kuukuu kwa gundi.

Rangi ni za akriliki zinazochanganyika na maji. Nane zatosha kuanza: nyeusi, nyeupe, kahawia iliyoiva, nyekundu, machungwa, manjano ya udongo, bluu, na fedha. Ya tisa ni rangi ya kivuli ya kahawia, nyepesi ya kukimbilia mashimoni, ambayo wauzaji huiita woshi au shedi. Za kampuni ya Vallejo huja kwenye chupa za matone za mililita 17 au 18. Za kampuni ya Citadel huja kwenye vikopo vya kufunua, nyingi za mililita 12. Kwa joto la hapa tunapendelea chupa za matone bila kusita. Kikopo kinachofunuliwa kila dakika hujifanyia ukoko mdomoni, kifuniko hakizibi tena, na rangi hugeuka mpira ndani ya miezi michache. Isitoshe, matone huhesabika, na hesabu ndiyo itakayokurudishia rangi ileile kesho.

Akriliki za dukani kwa wanafunzi zina chembe nene. Zitumie kwenye kitako, usizilete usoni. Rangi ya mafuta ya geti isikaribie kabisa: ni nzito, inang'aa, na itafunika kila mkunjo uliochongwa.

Vingine ni vya kawaida: kisu chenye wembe wa kubadilisha, koleo ndogo ya kukatia nyaya, msasa laini wa namba 400, supagluu, gundi nyeupe ya mbao, vijiti vya meno, vikombe viwili vya maji, na tishu. Kikombe kimoja ni cha rangi za kawaida na kingine ni cha rangi za fedha na dhahabu peke yake. Chembe za rangi ya chuma zikiingia kwenye maji yale mengine, utaziona ziking'aa kwenye mashavu ya mlinzi wako.

Kifaa ambacho wanaoanza hukidharau ni paleti yenye unyevu, nacho chatengenezwa nyumbani. Chukua kopo bapa la plastiki lenye kifuniko. Tandika tishu za jikoni zilizokunjwa mara nne, mimina maji mpaka zilowe bila kuelea, kisha laza juu yake karatasi ya kuokea. Karatasi iwe ile ya kuokea keki, maana yenye nta haipitishi maji. Rangi iliyowekwa juu itakaa laini kwa saa nyingi, ilhali kwenye sahani kavu hukauka kwa dakika kumi. Hatari yake hapa Pwani ni kuvu. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, badilisha tishu kila siku mbili au tatu, na weka chini yake kipande cha waya wa shaba uliomenywa, kwani shaba huzuia kuvu.

Kukata, kuosha, kuunganisha

Kata kila kipande kutoka kwenye fremu ya plastiki kilichoshikwa nayo kwa mikato miwili: wa kwanza mbali kidogo, wa pili karibu. Ukikata karibu mara moja, plastiki hukatika pamoja na kipande cha bega. Kisha tafuta mstari wa kalibu, ule mshono mwembamba unaopita ubavuni na juu ya kofia. Ukwangue kwa mgongo wa kisu, usiukate. Pitisha ukucha; ukikwama, mstari bado upo. Usiuache kwa kudhani rangi itaufunika, maana rangi ya kivuli itaingia humo na kuuchora kama kovu.

Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu. Resini hasa hutoka na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Suuza, kisha acha kikauke usiku mzima. Maji hujificha kwenye kwapa na mikunjo ya joho.

Plastiki kwa plastiki, tumia gundi ya plastiki inayoyeyusha nyuso mbili zikawa moja. Resini na chuma hutaka supagluu. Supagluu hukomazwa na unyevu, kwa hiyo hapa hushika haraka kuliko kopo linavyosema. Panga viungo vyako kwanza vikiwa vikavu, bila gundi, ndipo uweke tone. Weka dogo kwa ncha ya kijiti. Ikizidi, mvuke wake huganda pembeni ukaacha utando mweupe kama unga. Utando huo haudhuru kiungo, na praima itaufunika. Chupa ikifunguliwa ihifadhiwe ndani ya kopo lililozibwa pamoja na pakiti ya silika, ile inayokuja kwenye sanduku la viatu, la sivyo itaganda ndani ya wiki chache.

Mwisho, bandika kijisanamu juu ya kichupa cha dawa kitupu kwa tepu ya pande mbili. Tangu sasa shika kichupa tu. Jasho na mafuta ya vidole hula rangi kwenye ncha za mabega, na Machi hakuna mkono mkavu Mombasa.

Praima, na saa ya kuipaka

Praima ndiyo inayoshika plastiki na kuipa rangi nyingine mahali pa kushika. Kopo la kupuliza ni la haraka, lakini ndilo linaloharibu vijisanamu vingi zaidi mjini humu, kwa njia mbili. Unyevu ukiwa mwingi, praima hutua ikiwa na ukungu mweupe. Joto na upepo vikiwa vingi, matone hukauka hewani kabla ya kufika, na mlinzi wako hutoka na ngozi ya msasa. Kosa la pili halirekebishiki bila kuvua rangi yote.

Ukipuliza, chagua siku isiyo na mvua, kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, wakati unyevu umeshuka kuliko alfajiri. Simama kivulini, mahali palipo wazi lakini pasipopigwa na upepo, ukiwa na barakoa. Kipima unyevu kidogo cha mezani kikisoma zaidi ya asilimia 70, ahirisha. Tikisa kopo dakika mbili kamili. Puliza kutoka sentimita 20 hadi 25, ukianza nje ya kijisanamu na kumalizia nje yake, mapigo mafupi. Safari ya kwanza iache madoa tu, subiri dakika kumi, rudia ukimgeuza.

Wakati wa masika, Aprili na Mei, usipulize. Tumia praima ya brashi, na kusema kweli anayeanza Mombasa afadhali aitumie mwaka mzima. Paka tabaka mbili nyembamba kwa brashi namba 2, ukifyonza madimbwi kwenye mikunjo kwa brashi safi iliyokaushwa. Iache saa 24, maana praima ya namna hii huonekana kavu upesi lakini hubanduka kama ngozi ya kitunguu ikiguswa mapema. Chagua ya kijivu. Juu ya nyeusi utapigana na nyekundu, na juu ya nyeupe kila ulipokosa kupaka pataonekana.

Maji kwenye rangi

Hapa ndipo kazi inapoamuliwa. Anza na matone mawili ya rangi kwa tone moja la maji, changanya, kisha vuta mstari kwenye ukucha wa kidole gumba. Ukitiririka pembeni ya ukucha, maji yamezidi. Ukiacha michirizi yenye matuta, rangi ni nzito. Unachotaka ni kama maziwa fresh: inafunika kidogo, na ukucha bado waonekana kwa chini. Ndiyo, utaona kijivu cha praima baada ya tabaka la kwanza. Ni sawa. Tabaka mbili au tatu za namna hii hufunika kila kitu na kuacha kila mkunjo ukiwa mkali, ilhali tabaka moja nzito huziba macho na vifundo vya vidole.

Chovya nusu ya nywele tu. Rangi ikipanda hadi kwenye bati linaloshika nywele, hukauka ndani, nywele hupanuka, na ncha haitarudi. Kabla ya kugusa kijisanamu, gusa tishu mara moja. Hatua hii ndogo huondoa tone la ziada, na tone la ziada ndilo linalofurika usoni. Wala usiinyooshe ncha kwa midomo, desturi ambayo wengi wanayo; baadhi ya rangi zina madini yasiyofaa kuliwa.

Kati ya tabaka na tabaka, ngoja dakika 20 msimu wa kaskazi na 40 masika. Usiamini macho. Gusa kwa mgongo wa kidole: pakiwa na ubaridi kuliko sehemu nyingine, maji bado yanatoka. Ukipaka juu yake, brashi itang'oa tabaka la chini na kuacha shimo lenye kingo, na kila utakavyolirekebisha litapanuka. Likitokea, weka brashi chini, acha saa moja, ndipo uzibe. Feni isaidie kukausha, lakini izime unapopaka.

Joho jekundu

Nyekundu ni rangi dhaifu, haifuniki. Wanaoipaka moja kwa moja juu ya kijivu huishia na tabaka sita. Itangulizie msingi: nyekundu matone 2, kahawia iliyoiva tone 1. Paka joho lote kwa mchanganyiko huo, tabaka mbili. Huu ndio utakaobaki vilindini kama kivuli.

Kisha nyekundu tupu, kila mahali isipokuwa ndani ya mikunjo. Vuta brashi kuelekea pale unapotaka rangi iwe nyingi, kwa sababu rangi hukusanyika mahali brashi inapoinuliwa. Baada ya hapo nyekundu matone 3 na machungwa tone 1, kwenye migongo ya mikunjo tu. Mwisho, nyekundu na machungwa sawa kwa sawa, mstari mwembamba kwenye pindo na mabegani. Usitumie nyeupe kupandisha nyekundu. Itakuwa ya waridi, na joho litaonekana limefuliwa kwa dawa ya kung'arishia nguo.

Mpito ukionekana mkali, changanya rangi mbili zinazopakana, ongeza maji hadi iwe kama chai ya rangi, na uivute juu ya mpaka.

Ngozi yetu

Maelekezo mengi ya kupaka ngozi huanza na waridi hafifu. Ngozi nyeusi na ya kahawia ina njia yake, na inapendeza sana ikipakwa vyema. Kinachoiharibu ni nyeupe: ukipandisha kahawia kwa nyeupe, uso hupauka kama miguu isiyopakwa mafuta. Pandisha kwa rangi za moto.

Paka macho kwanza, kabla ya ngozi, ili makosa yafunikwe baadaye. Mfereji wote wa jicho uwe kahawia karibu na nyeusi. Ndani yake weka nukta mbili za nyeupe iliyotiwa kahawia kidogo, kisha mstari wima wa nyeusi katikati, kuanzia juu hadi chini. Nukta inayoelea katikati ya nyeupe humfanya aonekane ameshtuka. Kama hili linakushinda kwenye cha kwanza, acha mfereji mweusi tu. Kutoka urefu wa mkono utaonekana ni jicho lililo kivulini.

Ngozi yenyewe: kahawia iliyoiva matone 3, nyekundu tone 1, tabaka mbili. Rangi ya kivuli ya kahawia ipite chini ya shavu, pembeni mwa pua na chini ya mdomo, si uso mzima. Ikikauka, pandisha paji la uso, mgongo wa pua, mashavu na kidevu kwa ule msingi matone 2 na machungwa tone 1. Ongeza manjano ya udongo kiasi cha ncha ya kijiti, na uguse sehemu ndogo zaidi palepale. Viganja vipakwe rangi ya juu zaidi kuliko migongo ya mikono. Mdomo wa chini uwe msingi ulioongezwa nyekundu. Ngozi iliyoiva hung'aa juani, kwa hiyo nukta moja ya buluu hafifu sana kwenye paji na ncha ya pua, iliyotiwa maji mengi, humpa jasho la adhuhuri.

Chuma na kutu

Ncha ya mkuki na ukingo wa ngao: fedha tabaka mbili, kisha rangi ya kivuli, kisha fedha tena kwenye kingo tu. Ukitaka kutu, usiinyunyize ovyo. Tazama geti lolote la chuma karibu na Likoni. Kutu huanzia kwenye viungio na vichwa vya misumari, huwa kahawia ya giza pale ilipo kongwe, ya machungwa kwenye ukingo mpya, na hushuka chini kwa michirizi pale mvua inapopita. Fanya vivyo hivyo kwenye ngao: madoa ya kahawia kwenye misumari kwa kipande cha sponji, nukta za machungwa pembezoni, na mchirizi mmoja au miwili iliyotiwa maji mengi.

Neno moja kuhusu rangi ya kivuli. Haipakwi kama rangi ya kawaida. Huwekwa ikimbilie yenyewe mashimoni, kisha madimbwi hufyonzwa kwa brashi safi. Hapa yahitaji saa nzima kukauka. Ukiigusa ikiwa nusu, itaacha duara kama la kikombe cha chai mezani.

Kitako

Kitako ndicho kinachomwambia mtazamaji mlinzi huyu amesimama wapi, na ndiyo sehemu ambayo mkaaji wa Mombasa ana utajiri wa malighafi kuliko maduka ya ng'ambo yanayouza mchanga kwenye vifuko.

Fikiria kipimo kwanza. Kwenye kijisanamu cha milimita 28, milimita moja ni kama sentimita 6 za kweli. Chembe ya mchanga ya milimita moja ni jiwe la kutosha ngumi. Nyasi ya milimita 12 inafika mapajani. Kwa hiyo chekecha mchanga kwa kichujio cha chai: uliopita ni ardhi, uliobaki ni mawe, na mawe yawe machache.

Mchanga wa pwani lazima uoshwe. Ukiubandika na chumvi yake, chumvi itavuta maji hewani, gundi italegea, na maua meupe yatatokea juu ya rangi baada ya wiki chache. Uloweke kwenye ndoo, ukoroge, umwage maji. Fanya hivyo mara nne kwa maji ya bomba, na ikiwa maji ya kisima chenu yana chumvi, suuza ya mwisho kwa maji ya kunywa. Ukaange kwenye sufuria kavu hadi uchirizike.

Changanya gundi nyeupe sehemu 2 na maji sehemu 1, paka juu ya kitako bila kugusa ukingo, tumbukiza kwenye mchanga, kung'uta, acha usiku mzima. Siku ya pili, gundi sehemu 1 na maji sehemu 4 pamoja na tone la sabuni ya vyombo, idondoshe juu ya mchanga. Sabuni huyafanya maji yapenye badala ya kusimama kama shanga. Bila hatua hii mchanga utadondoka kila ukipitisha brashi. Subiri tena hadi ukauke kabisa.

Sasa chagua ardhi. Ya ufuo wa Nyali: msingi manjano ya udongo pamoja na nyeupe sawa kwa sawa, rangi ya kivuli iliyotiwa maji maradufu, kisha brashi kavu ya nyeupe. Brashi kavu ni hivi: chovya brashi ya vipodozi, ifute kwenye tishu mpaka karibu isiache alama, halafu ipitishe haraka juu ya matuta. Rangi ishike vilele tu. Ya vumbi jekundu la Tsavo: msingi kahawia na nyekundu sawa, brashi kavu ya machungwa, kisha kidogo sana ya manjano ya udongo, na vumbi hilo lipande hadi kwenye pindo la joho na vidole vya miguu, la sivyo mlinzi ataonekana amewekwa hapo kwa helikopta. Ya tope la mikoko ya Tudor: nyeusi na kahawia na tone la nyeupe, bila brashi kavu, na mwishoni kabisa vanishi ya kung'aa kwenye mabonde, maana tope la maji kupwa lina mng'ao wa mafuta.

Nyasi kavu hutoka kwenye makumbi ya nazi. Chambua nyuzi, kata urefu wa milimita 5, fanya fundo la nyuzi kumi hivi, chovya mzizi kwenye gundi nyeupe, simamisha. Matatu kwenye kitako cha milimita 25 yatosha. Majani ya chai yaliyotumika, yakasuuzwa na kuanikwa, ni majani makavu ya ardhini yasiyo na mfano. Lakini chochote kilichoota shambani kifungwe kwa ile gundi ya maji, mara mbili, la sivyo sisimizi na kuvu watakifikia.

Sasa kipande cha ukuta cha kusimamisha kitakoni. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ni mawe ya matumbawe, na nyumba nyingi za Mji wa Kale vilevile. Kautazame ukuta kwa karibu kabla ya kupaka. Si wa kijivu. Jiwe ni la rangi ya malai iliyoingia ukahawia, limejaa vitundu, chokaa imebaki kwa mabaka yenye kingo zilizovunjika, chini pana ukijani wa unyevu, na pale maji ya paa yanapodondokea pana mchirizi mweusi ulionyooka.

Malighafi ni kibanzi cha jiwe la mjengo, yale matofali ya matumbawe yanayochimbwa machimboni. Lifunge kwenye kitambaa, lipige nyundo, chagua kipande cha milimita 15. Usichukue matumbawe ufuoni. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa ni marufuku, na yale ya machimbo yana vitundu vilevile. Jiwe hili hunywa rangi kama sifongo, kwa hiyo lifunge kwanza kwa gundi ya maji. Libandike kwa supagluu kabla ya kuweka mchanga. Upande mmoja pakaza puti ya ukuta unene wa milimita moja kwa kijiti, na inapoanza kukaza vunja kingo zake kwa sindano. Jiwe: manjano ya udongo na kahawia kidogo, rangi ya kivuli, brashi kavu ya malai. Chokaa: nyeupe iliyotiwa manjano ya udongo kidogo. Kisha bluu, manjano ya udongo na nyeusi, iliyotiwa maji kama chai ya rangi, chini ya ukuta ikipanda milimita 3, na mchirizi mmoja mweusi kutoka juu. Mmoja tu.

Ukingo wa kitako upakwe nyeusi au kahawia safi, tabaka mbili, bila doa. Ni dakika tano za kazi, na ndizo zinazokifanya kionekane kimekamilika.

Vanishi

Siku mbili baada ya rangi ya mwisho, wiki moja wakati wa masika, paka vanishi isiyong'aa kwa brashi. Ile ya kupuliza ina hatari ileile ya ukungu, na safari hii ukungu unafunika kazi yote. Tikisa chupa dakika mbili: unga unaoondoa mng'ao hutuama chini, na usipochanganyika vanishi ya juu itang'aa na ya chini itaacha weupe. Tabaka mbili nyembamba, saa nne kati yake. Weupe ukitokea, usiukwangue. Paka tabaka la vanishi inayong'aa, ambalo aghalabu huufuta, acha siku moja, kisha rudia isiyong'aa.

Ikishindikana, rangi ya akriliki yaweza kuvuliwa. Kijisanamu cha chuma au plastiki ngumu kiloweke kwenye alkoholi ya isopropili, ukiwa na glavu, mbali na jiko, na ukisugue kwa mswaki baada ya saa chache. Cha resini kikague kila nusu saa. Thina na asetoni zisikaribie plastiki, zitaiyeyusha.

Brashi zioshwe kwa sabuni ya mche na maji ya baridi, ncha inyooshwe kwa vidole, na zikauke zikiwa zimelala, maji yasishuke kwenye mpini. Kijisanamu kiishi kwenye kabati la kioo pamoja na pakiti za silika. Kikikaa karibu na dirisha la bahari, pitisha brashi laini kavu kila wiki mbili. Usitumie kitambaa chenye maji, kwa sababu chumvi iliyotua itayeyuka, itaingia kwenye mikunjo ya joho, na ikikauka itaacha mabaka meupe pale ulipopaka kivuli.